Pimeni Ardhi Laini Kabla ya Kuchora Viwanja

Masika yanapokaribia, swali huwa lile lile, liwe limetoka kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kikundi kilichonunua shamba kwa pamoja au kwa ofisa mipangomiji wa halmashauri: eneo letu lina kipande cha bonde, kuna wataalamu wanasema wanaweza kupima chini bila kuchimba, je, tuwalipe? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti ambalo watu hulivunja zaidi ya wanavyolitimiza: kazi hiyo ifanyike kabla ramani ya viwanja haijachorwa. Upimaji wa kijiofizikia ukifika baada ya barabara kuchongwa, bikoni kusimikwa na viwanja kuuzwa, hauna cha kubadilisha. Unabaki ripoti ya rangi nzuri inayowaeleza watu kwamba wamenunua tope. Ukifika mapema, ndio utakaoamua shule ikae wapi, barabara kuu ipite wapi, na wapi paachwe pawe uwanja wa mpira.

Mifano mingi hapa nimeichukua Dar es Salaam na ukanda wa pwani, kwa kuwa huko ardhi laini, maji ya chumvi na watu wengi vimekutana mahali pamoja. Wa Dodoma, Kitengela au Mwanza watapata ya kwao humu, ila mfinyanzi mweusi unaovimba na kunywea una tabia zake na nitaugusa kidogo tu.

Hati haisemi kilicho chini

Wengi hudhani kiwanja kilichopimwa na chenye hati kimekwisha kukaguliwa. Mpimaji wa ardhi hupima mipaka na ukubwa. Hajaulizwa udongo ukoje mita sita chini, na hati yake haidai kulijua hilo. Kinga ya pili wanayoitegemea watu ni ile ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Ni kanuni nzuri kwa kulinda kingo, lakini inapimwa kutoka mto ulipo leo. Mito huhama. Mkondo wa kale unaweza kuwa mita 150 kutoka ukingo wa sasa, juu yake mihogo imestawi, chini yake kuna tope lililokaa maelfu ya miaka. Aliyejenga mita 61 kutoka mtoni ametii sheria, na bado nyumba yake inaweza kupasuka.

Pwani tatizo hili ni kubwa kuliko macho yanavyoonyesha, na sababu yake ni ya kale. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari duniani kote ilikuwa chini kwa takribani mita 120 kuliko leo, na mito ya pwani ilichimba mabonde yenye kina kuifuata. Bahari ilipopanda tena, mabonde hayo yalizama na kujaa matope na mchanga laini. Hori zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa na bandari ya Dar es Salaam ni mabonde ya aina hiyo. Kwa hiyo unaposimama kwenye tambarare ya chini ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, upana wa mto unaouona hauwezi kukuambia upana wala kina cha bonde lililofukiwa. Hapo ndipo vipimo vinapoanza kuwa na maana.

"Kila mwenye kiwanja si atapima mwenyewe akijenga?"

Hili ndilo pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na linastahili jibu refu. Ni kweli kwamba mwenye ghorofa hulazimika kuchoronga na kupima nguvu ya udongo. Lakini sehemu kubwa ya wanaojenga katika maeneo ya urasimishaji hujenga nyumba ya kawaida ya tofali, na hakuna anayechoronga kwa ajili yake. Hata wangechoronga wote, wangekuwa wamechelewa kwa mambo makubwa: mtaro umeshachimbwa, bomba la maji limeshalazwa, zahanati imeshapewa mahali pake. Hayo ni maamuzi ya mipango, na hufanywa mara moja.

Kuna sababu nyingine, ya kitaalamu zaidi. Kinachopasua nyumba si kutitia kwenyewe, ni kutitia kusikolingana. Nyumba ikishuka sentimita nane kwa usawa, mwenyewe anaweza asitambue. Kona moja ikishuka nane na nyingine mbili, ukuta unakatika. Tofauti hiyo hutokea pale tabaka laini linapobadilika unene ghafla, yaani kwenye kingo za mkondo uliofukiwa. Sasa chukua mkondo wa upana wa mita 20. Ukichoronga shimo kila baada ya mita 100, mashimo mawili jirani yanaweza kuangukia pande zake zote mbili, yote yakatoa mchanga imara, na ripoti ikaandika kwamba eneo ni zuri. Mstari wa vipimo vya umeme wenye vyuma vilivyoachana mita 2 hadi 5 hauwezi kuuruka mkondo huo. Shimo linasema kweli kuhusu mahali pamoja. Mstari unaonyesha kinachoendelea kati ya mashimo. Mkiwa na kimoja tu, mna nusu ya habari.

Na tabaka likiwa nene, muda nao unawadanganya watu. Mfinyanzi uliolowa hutitia kadiri maji yanavyokamuliwa kutoka ndani yake, na muda wa kumaliza huongezeka kwa mraba wa unene: tabaka likiwa nene mara mbili, huchukua takribani mara nne. Kama mita nne za mfinyanzi zinamaliza kutitia kwa miaka mitatu, mita nane za mfinyanzi ule ule zitahitaji kama miaka kumi na miwili. Ndiyo maana hoja ya "jirani amejenga mwaka juzi na nyumba imesimama" haithibitishi kitu.

Chagueni kipimo kwa swali mnalouliza

Mitambo ya wataalamu ni mingi, lakini kwa ardhi laini minne inatosha kujadiliwa.

- Ukinzani wa umeme. Vyuma hupigiliwa ardhini kwa mstari, umeme hupitishwa, na kifaa hupima jinsi ardhi inavyoupinga. Mfinyanzi uliolowa mara nyingi husoma chini ya ohm-mita 30; mchanga wenye maji yasiyo na chumvi husoma makumi mengi hadi mamia; mwamba mkavu huzidi hapo. Kina kinachofikiwa ni kama moja ya tano ya urefu wa mstari, tena katikati tu: mstari wa mita 100 huona mita 20 katikati yake na karibu na sufuri kwenye ncha.
- Mawimbi ya mtetemo. Nyundo kubwa hupigwa juu ya bamba, vipokezi vilivyopangwa kwenye mstari husikiliza. Hapa ulizeni mapema: mtapima wimbi lipi? Wimbi la msukumo hupita kwenye maji kwa takribani mita 1,500 kwa sekunde, hivyo chini ya usawa wa maji linasoma maji, na tope laini huonekana sawa na udongo mgumu. Wimbi la mkato halipiti kwenye maji. Linashikwa na chembe za udongo zenyewe, na ndilo linalotoa habari za ugumu. Kanuni nyingi za ujenzi huhesabu ardhi kuwa laini pale wastani wa kasi ya wimbi hili katika mita 30 za juu unaposhuka chini ya mita 180 kwa sekunde.
- Mtetemo wa asili. Kifaa kimoja huwekwa chini kwa nusu saa hivi na kusikiliza mtikisiko mdogo usiokoma wa ardhi. Ni rahisi, na hufaa kuchora unene wa tabaka laini kwenye eneo kubwa lenye tabaka gumu chini yake.
- Rada ya ardhini. Inavutia kwa maonyesho. Kwenye mfinyanzi au udongo wenye chumvi mawimbi yake humezwa baada ya mita moja au mbili. Kwa mabonde ya pwani, msiilipie.

Mtetemo wa asili unastahili neno la ziada, kwa kuwa watu husema Afrika Mashariki matetemeko si tatizo letu. Bukoba ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 Septemba 10, 2016, watu wakafa na nyumba nyingi zikaanguka. Na Agosti 12, 2020 tetemeko la baharini karibu na Mafia lilisikika mpaka Dar es Salaam. Tabaka laini lina mdundo wake, ambao kipimo hiki huusikia: gawanya kasi ya wimbi la mkato kwa mara nne ya unene. Mita 15 za tope lenye kasi ya mita 120 kwa sekunde zinatoa mitikisiko miwili kwa sekunde, na jengo la ghorofa tano hivi hupenda kuyumba kwa mwendo huo huo. Mambo hayo mawili yakikutana, mtikisiko hukuzwa. Mexico City ililipa gharama hiyo Septemba 19, 1985: kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini sehemu zilizojengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale ndizo zilizobomoka zaidi, na majengo ya urefu wa kati ndiyo yaliyoumia kuliko mengine.

Hatua, kwa mpangilio wake

1. Anzeni na karatasi. Tafuteni ramani za jiolojia kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), picha za zamani za ndege na picha za setilaiti. Kwa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 umechora kata nyingi zinazofurika. Mkondo wa kale mara nyingi huonekana kwenye picha kama mstari wa kijani usiokauka kiangazi.
2. Ulizeni wazee wa eneo, kwa maswali mahususi: maji yalifika wapi katika mafuriko ya Desemba 2011? Palichimbwa mchanga wapi? Palifukiwa wapi, na kwa kitu gani? Majibu yote yawekwe kwenye ramani.
3. Pangeni mistari ikatize bonde, kutoka ardhi ngumu ya upande mmoja hadi ardhi ngumu ya upande wa pili. Mstari unaofuata bonde kwa urefu wake utaona kitu kimoja mwanzo hadi mwisho na hautawafundisha kitu.
4. Tumieni vipimo viwili visivyofanana kwenye mstari mmoja, kwa kawaida umeme na wimbi la mkato. Kimoja kinasikia maji na chumvi, kingine kinasikia ugumu.
5. Chorongeni baada ya vipimo. Mashimo yawekwe pale picha inapobadilika, na moja angalau pale inapoonekana salama kabisa.
6. Rudini kwenye picha na kuisoma upya kwa matokeo ya mashimo. Hatua hii ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Ikikatwa, hatua tano za mwanzo zimepotea.
7. Ndipo mchoraji wa mipangomiji aitwe.

Kuhusu majira: pimeni umeme mwishoni mwa masika kama mnataka kujua maji yanapanda hadi wapi, na andikeni tarehe kwenye kila mstari. Mstari wa Februari na mstari wa Mei hailinganishwi kana kwamba ni mmoja, maana udongo ule ule ukilowa husoma chini.

Makosa yanayorudiwa

*Kumwita mpima visima vya maji na kuridhika.* Wataalamu wanaopima maji wako kila mkoa, na wengi ni hodari. Lakini kipimo chao cha kawaida ni cha nukta moja, kinachochukulia kwamba matabaka yamelala sawasawa kama mikeka iliyopangwa. Kwenye kingo za mkondo uliofukiwa matabaka hayajalala hivyo, na ni kingo hizo tunazozitafuta. Mwambieni wazi kwamba mnataka mstari unaoendelea, wenye mkato wa ardhi.

*Kuamini kwamba buluu ni maji.* Rangi huchaguliwa na anayeandaa ripoti. Mistari mitatu inaweza kuchorwa kwa vipimo vitatu vya rangi, na nyekundu ya kwanza ikawa buluu ya tatu. Dai la msingi kwa mkandarasi ni kipimo kimoja cha rangi kwa mistari yote, chenye namba zinazosomeka. Ulizeni pia asilimia ya kosa la ulinganifu kati ya picha na vipimo vya shambani. Ikizidi 10, aeleze kwa nini. Ikiwa ndogo, msishangilie bado. Picha mbili tofauti zinaweza kulingana na vipimo vile vile.

*Kusahau chumvi.* Karibu na bahari, mchanga imara uliojaa maji ya chumvi unaweza kusoma chini ya ohm-mita 5, sawa na mfinyanzi laini au chini yake. Anayepima umeme peke yake kando ya hori atawakataza kujenga mahali pazuri, au atawaambia lote ni tope. Chukueni sampuli ya maji ya visima vya jirani, mpime chumvi yake, na acheni wimbi la mkato liamue.

*Kupima juu ya kifusi.* Hapa hasara huwa kubwa. Njia ya kawaida ya kusoma mawimbi yanayopinda inadai kila tabaka liwe na kasi kubwa kuliko la juu yake. Kifusi kilichoshindiliwa, au gamba la udongo lililokauka, hukaa juu ya tope na kuvunja sharti hilo. Tope halionekani kabisa kwenye picha. Lazima itumike njia ya mawimbi ya juu ya ardhi, inayoweza kuona tabaka laini chini ya gumu, na mkandarasi aambiwe mapema kwamba kifusi kipo.

*Kupima kando ya chuma.* Uzio wa waya, bomba, reli na nyaya za umeme huvuruga vipimo. Mstari ukilazimika kupita hapo, ripoti iseme.

Kwa mfinyanzi mweusi wa bara onyo ni jingine: vipimo hivi vitawaonyesha unene wake vizuri, lakini havitawaambia utavimba kiasi gani. Hilo linataka sampuli na maabara.

"Tutaweka kifusi, tatizo litaisha"

Pingamizi hili halitoki kwa maskini peke yao. Wawekezaji wakubwa nao hulileta. Fanyeni hesabu. Mita ya ujazo ya kifusi kilichoshindiliwa ina uzito wa tani 1.8 hadi 2. Ghorofa moja ya jengo la kawaida, likiwa na watu na vyombo, hukadiriwa kuwa kama tani moja kwa kila mita ya mraba. Kifusi cha mita moja na nusu basi kimeweka juu ya tope mzigo unaokaribia jengo la ghorofa tatu kabla hamjaweka tofali la kwanza. Kifusi kinainua sakafu juu ya mafuriko, hilo kweli, na kinaanzisha kutitia kutakakoendelea miaka. Wahandisi hukitumia kwa makusudi, wakakiacha kiminye tope kwa miezi mingi huku wakipima kushuka kwake, ndipo wajenge. Hiyo ni kazi halali. Kumwaga malori leo na kuuza viwanja wiki ijayo si kazi hiyo.

Gharama nayo hutajwa. Kikosi cha watu wanne au watano humaliza mstari mmoja au zaidi kwa siku, kwa vifaa vinavyobebwa na gari dogo, na hakikati miti wala hakibomoi ukuta wa mtu. Mkipata vipimo kwanza, idadi ya mashimo hupungua kwa sababu mnajua pa kuyaweka. Kwa kikundi chenye ekari mbili za mwinuko wenye mchanga mwekundu na hakuna bonde karibu, sitasisitiza; chimbeni mashimo machache ya mkono, mmwite mhandisi aangalie. Kila eneo lisitozwe gharama ya Msimbazi.

Kutoka ripoti hadi ramani

Ripoti isiwape jibu la "panafaa" au "hapafai". Daini kanda zenye unene wa tabaka laini, na matumizi yafuate:

- Tabaka laini nene, maji karibu na juu: bustani, viwanja vya michezo, kilimo cha mboga, mabwawa ya kupokea mafuriko.
- Unene wa kati usiobadilika ghafla: nyumba nyepesi, zenye msingi uliobuniwa na mhandisi kwa ardhi hiyo.
- Kingo za mkondo uliofukiwa: mpaka wa viwanja au njia ya miguu ipite hapo, jengo moja lisikae nusu huku nusu kule.
- Ardhi imara: shule, zahanati, matangi ya maji, vituo vya mafuta, transfoma.

Msimbazi yenyewe inaonyesha bei ya kuanza mwishoni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua makumi ya watu jijini, familia zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mradi wa bonde hilo uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022 unalipa fidia na kuhamisha watu ili tambarare ya chini iwe bustani ya jiji. Matumizi hayo yangeweza kuandikwa kwenye ramani kabla ya nyumba ya kwanza.

Mkiwa na fedha za siku moja tu, fanyeni hivi: mstari mmoja wa umeme na mmoja wa wimbi la mkato, mahali pale pale, ikikatiza bonde, kisha mashimo mawili, moja katikati ya eneo mnaloliogopa na jingine pale mnapotaka kuweka shule. Namba ghafi za shambani ziwe mali yenu, ziandikwe hivyo kwenye mkataba. Na mkandarasi akiwaambia kwamba kwa mitambo yake mashimo hayahitajiki, tafuteni mwingine.